Karatasi Iliyolala Dirishani

Tangu nirudi Nyamitaba, kuna asubuhi ninaamka nikiisikia mashine. Ni ng'ombe wa jirani anayesugua pembe kwenye mti wa boma, au ni mvua inayoanza juu ya bati, lakini kabla sijafungua macho vizuri ni printa ya Walikale inayokwenda na kurudi. Inagonga mstari, inapumua kidogo, inagonga mwingine. Mke wangu anasema nimestaafu mwili tu. Basi naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki kwenye depo za dawa za Masisi na Walikale, ili nilichokisikia kisiishie kwenye usingizi wangu. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: fundi.

Mmoja wenu akiwa bado hajaiona mashine yenyewe, aijue hivi. Printa ya sindano ina kichwa kidogo cha chuma chenye sindano fupi, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Sindano zinachomoka na kurudi upesi, zinapiga utepe wa wino, na utepe unapiga karatasi. Nyuma ya karatasi kuna rola nyeusi ya mpira inayopokea kipigo. Karatasi ni moja ndefu isiyokatika, imekunjwa huku na huku, na ina matundu kwenye kingo zote mbili. Matundu hayo yanaingia kwenye meno ya mikanda miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, na meno hayo ndiyo yanayoipandisha.

Mjini waliziacha mashine hizi zamani. Sisi tulibaki nazo kwa sababu ya bodero. Mnajua kwamba hakuna dawa inayotoka depo bila bodero, hati yenye nakala nne zilizoshikana: ya depo, ya ofisi kuu, ya mbebaji, na ya chini kabisa, ya muuguzi wa kituo, inayomwambia dawa ni ipi, ya nguvu gani, na inaisha lini. Kalamu ikiandika juu, nakala ya pili inasomeka, ya tatu ni kivuli, ya nne inabaki nyeupe. Na ya nne ndiyo ya muuguzi. Sindano peke yake zinagonga hadi chini. Mashine za kisasa zililetwa kujaribiwa. Zilimaliza umeme wote wa paneli za jua kabla ya saa ya chakula, zikalala, na hakuna aliyeziamsha tena.

Nilifika depo ya Masisi bila cheti chochote. Nilikuwa nimefungua redio nyingi za majirani, na baadhi zilikubali kufungwa tena. Fundi wa depo aliitwa Papa Bauma, mtu wa Karuba, mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Alitazama mikono yangu kabla ya kutazama uso. Akauliza nimetoka wapi. Nilipomwambia kwetu ni wachungaji, akasema basi nimezoea kukaa mchana kutwa nikiangalia kitu bila kukigusa, na kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

"Tia mikono mu mufuko," aliniambia. "Usikie kwanza. Siku utajua sauti yake, njo utagusa."

Siku zile zote za mwanzo nilikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mikono mfukoni. Ukungu wa Masisi mnaujua. Unaingia ndani bila kubisha, unakaa juu ya meza, unashuka sakafuni. Karatasi ilipanda kutoka kwenye rola ikiwa nyeupe ndani ya weupe, na mara nyingine sikuweza kusema karatasi imeishia wapi na ukungu umeanzia wapi. Nilisinzia macho wazi. Lakini masikio yalifanya kazi, na polepole nikaanza kutofautisha. Kulikuwa na mgoto mzito wa mstari uliojaa, na mgoto mwepesi wa mstari mfupi. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo karatasi ikigusa ukingo wa meza. Siku moja ukaja mgoto mkavu, kama kucha juu ya bati, na Papa Bauma akavuka chumba kizima kwa hatua ambazo sikujua anazo, akazima.

Karatasi ilikuwa imekwisha na mashine ilikuwa inaendelea kupiga rola tupu. Alinieleza kwamba karatasi ni godoro la sindano. Bila godoro, sindano inapiga mpira, mpira unachimbika, na mwisho sindano inachoka. Ukingo ni mbaya zaidi. Sindano ikichomoka pale karatasi inapoishia inaweza kunaswa, na kichwa hakisubiri, kinaondoka nayo. Sindano moja ikipinda, kila herufi inapata mstari mweupe wa kuikata. Barua ya kawaida itasomeka tu. Lakini kwenye bodero ya dawa, nane na sifuri zinaanza kufanana, na huko mbali muuguzi anashika nakala ya nne akikisia.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, jambo moja baada ya jingine, kila mara baada ya sauti. Usizungushe kishikio cha rola kwa mkono wakati umeme umewaka, kwa sababu mota inakizuia kwa nguvu zake, na kinachoshindwa ni gurudumu dogo la plastiki lililofichwa katikati yao. Mkono mdogo wa pembeni unaosogeza kichwa uusogeze kila unapobadilisha unene wa karatasi: karatasi moja, kichwa karibu, nakala nne, kichwa mbali, la sivyo kitasugua na kuchana. Pini ya chuma iliyosahaulika kwenye karatasi itoe kabla haijaingia, maana ikishaingia itabidi mashine yote ifunguliwe kuitoa. Ukichapa vibandiko vya maboksi, usivirudishe nyuma hata kidogo, kimoja kitabanduka na kulala chini ya rola. Karatasi ikikwama, zima, fungua, ilegeze, itoe kwa njia inayokwenda mbele. Usiivute.

Vifaa vyake vilijaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Bisibisi, brashi laini ya rangi ya kufagia vumbi la karatasi, kioo cha pikipiki cha kuchungulia chini ya rola, na kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe kwa ajili ya kutolea vipande vilivyokwama. Kisu alikikataza. Alisema mwanzi ukikosea, unavunjika wenyewe. Alipoondoka kazini aliniachia kopo lote. Kioo tu alikichukua, kwa sababu kilikuwa cha pikipiki yake.

Kesi za Masisi zilikuwa za Masisi kweli. Depo ndogo ya Kirolirwe waliniita wakisema mashine imeanza kunuka. Nilikuta mlinzi mmoja mwema, aliyechoshwa na kelele ya kichwa kwenye reli yake, ameipaka reli siagi ya ng'ombe, nyingi, kama anavyopaka ngozi ya kubebea maziwa. Kelele iliisha. Siagi ilishuka kwenye karatasi, vumbi la karatasi likashika siagi, na siafu wakapata habari. Nilisafisha hadi jioni. Nilipomweleza kwamba reli ile inataka kitambaa kikavu tu, alisikitika. Alisema alitumia siagi ya ng'ombe wake bora.

Walikale nilishuka mara ya kwanza na lori la dawa. Safari hiyo ndiyo inayonirudia zaidi usingizini. Unaacha vilima na mashamba ya maharage, baridi inakutoka mwilini taratibu, na barabara nyekundu inaingia chini ya miti hadi anga inakuwa uzi. Kila kitu huko kinapumua maji. Depo ilikuwa nyumba ya matofali yenye dirisha moja kubwa linalotazama msitu, na chini ya dirisha hilo palikuwa na meza, na juu ya meza mashine.

Mwangalizi wake alikuwa Mama Vumilia, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa kilichokazwa vizuri, anayecheka bila kufungua mdomo. Baba yake aliwinda kwa wavu, na yeye tangu utoto alikuwa mbebaji wa ule wavu. Nililifungua boksi la karatasi nikaliweka chini ya meza vilevile, karatasi ipande moja kwa moja kutoka ndani. Alitazama ukingo wa boksi ukiisugua. Akaitoa karatasi yote, akailaza sakafuni nyuma ya mashine, mkunjo juu ya mkunjo, sambamba na mikanda, akatikisa kidogo kila tabaka ili lisishikane na jirani yake.

"Kwetu wavu tunautoa hivi," alisema. "Ukiukokota, unashika miti yote ya njia."

Tangu siku hiyo mimi pia nililaza karatasi hivyo, na ninyi mliofundishwa nami mnalaza hivyo, hata kama hamkujua imetoka wapi. Alipojua kwamba nimetoka kwa wachungaji hakuniacha. Kila nilipoingia aliuliza mashine yangu leo imekamuliwa lita ngapi.

Kisha ikaja kesi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Mama Vumilia alipiga simu akisema karatasi inapasuka upande wa kulia. Matundu yanarefuka, yanachanika, karatasi inapanda vibaya na kuvimba mbele ya kichwa. Nilishuka. Mashine ilichapa mbele yangu bila kosa lolote. Nikabadilisha mikanda, nikasafisha meno, nikarudi Masisi. Akapiga tena. Nikashuka tena, na tena mbele yangu karatasi ilipanda kama moshi wa asubuhi, polepole na wima. Nilianza kuiota. Kwenye ndoto ilipasuka mara tu nilipogeuza mgongo, na nikigeuka, ilikuwa nzima. Mama Vumilia alisema mashine inaniogopa. Nilitamani iwe hivyo, lakini mashine haina macho. Na katika moja ya mipasuko ile sindano moja ilikuwa imepinda. Mstari mwembamba mweupe ulikuwa tayari unapita juu ya kila herufi.

Wakati huohuo kichwa cha mashine ya Masisi kilikufa. Nilikitafutia mwenzake Goma, duka kwa duka, na kila mwenye duka alicheka kwa upole kama nimeulizia mtu aliyehama. Ya Kirolirwe ilikuwa imekwisha kufa kabla yake. Zikawa zimebaki mashine mbili tu: ya ofisi kuu Goma na ya Walikale.

Mkurugenzi wetu, ambaye sote tulimwita Papa Directeur, alikuwa daktari mtaratibu, asiyependa kuamua jambo bila kuliona. Aliamua kushuka nami Walikale, na nyuma ya pikipiki yake alifunga kamba mpya ya buluu. Njiani hakuificha ni ya nini. Alisema mashine inayopasua karatasi itavunja kichwa pekee tulichobaki nacho nje ya Goma. Ikipandishwa Masisi, mimi fundi nitaiangalia kila siku na itaishi. Ikibaki msituni, itakufa kabla ya mvua kubwa. Na depo isiyo na bodero haiwezi kutoa dawa, kwa hiyo ya Walikale itafungwa, na wauguzi wa huko watapanda kuchukua dawa Masisi.

Mnaijua njia hiyo. Wauguzi wa vituo vya ndani walikuwa tayari wanatembea siku nzima na zaidi kufika Walikale, wengine na mtoto mgongoni na boksi kichwani. Kuwaambia waendelee hadi Masisi kulikuwa ni kuwaambia baadhi ya vituo vikae bila dawa. Papa Directeur alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Mama Vumilia alimsikiliza akiwa amesimama. Hakulia wala kubisha. Aliuliza swali moja tu.

"Papa Directeur, kama iko inaweza kuishi hapa, utaiacha?"

"Mi sina kinyongo na Walikale, Mama. Inje ya Goma niko na kichwa kimoja tu. Munionyeshe inaweza, nitaiacha."

Wakakubaliana hivi: asubuhi ifuatayo zingechapwa bodero za vituo vyote vya Walikale, mfululizo, yeye akiangalia. Karatasi ikifika mwisho bila kupasuka, mashine ingebaki, na Masisi wangetumia ile ya Goma, maana barabara yao inapitika. Ikipasuka, kamba ingefanya kazi yake. Yeye akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Mimi nikabaki na Mama Vumilia na jua lililokuwa linashuka nyuma ya miti.

Nilimwomba karatasi. Kwenye depo kulikuwa na kipande tu cha fungu la zamani, na lori la karatasi mpya lilikuwa limekwama kwenye matope huko juu. Alisema lipo fungu zima nyumbani, akaenda kulileta. Aliliweka mezani, nami nikainama kulifungua, na pale pale nikasimama. Lilinukia moshi. Lilinukia jiko, samaki mkavu na mbegu za maharage.

Nikamuuliza inakaa wapi karatasi hii.

"Juu ya jiko, fasi ya mbegu," alinijibu, kama mtu anayeulizwa mbuzi analala wapi. "Hapa kila kintu kinaoza, Papa Deo. Kintu unakipenda, unakiweka juu ya moto. Ao kwenu munafanya namna gani?"

Kwao, chochote kinachotakiwa kufika msimu mwingine kinapandishwa kwenye dari ya fito juu ya jiko, na moshi unakilinda. Karatasi ilikuwa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyokabidhiwa, kwa hiyo aliilaza na mbegu. Kila mara fungu lilipokwisha alishusha jingine, akalipangusa masizi, akalitia kwenye mashine likiwa bado na joto la nyumba.

Nilichukua laha moja ya fungu la zamani, iliyokuwa imekaa depo kwa majuma, na laha moja ya fungu lenye moshi. Nikaziweka moja juu ya nyingine dhidi ya kioo cha dirisha, ambapo bado palikuwa na mwanga. Nililinganisha matundu ya kushoto, yakaingiana. Nikatazama ya kulia. Hayakuingiana. Laha ya jikoni ilikuwa nyembamba zaidi, kwa kiasi cha unene wa ukucha.

Nikakaa chini. Karatasi inakunywa hewa. Penye unyevu inatanuka, penye ukavu inasinyaa, na mikanda yetu ilikuwa imepimwa kwa karatasi ya hewa ya msitu. Fungu jipya lilishuka kutoka motoni likiwa limesinyaa, meno yakavuta matundu kwa nguvu pande zote mbili, upande uliokuwa dhaifu ukapasuka. Likikaa mezani siku kadhaa, lilikunywa hewa na kutanuka, na ndipo mimi nilipofika, nikakuta kila kitu kinakwenda. Mashine haikuwa inaniogopa. Karatasi ilikuwa inapata muda wa kuzoea mahali.

 Mama Vumilia akapendekeza tuusogeze mkanda wa kulia ndani kidogo, basi. Nilimwambia hiyo ingetosha kwa laha za kwanza. Kisha karatasi ingeanza kutanuka ikiwa kati ya meno, isipate pa kwenda, ivimbe mbele ya kichwa, na hapo ndipo sindano zinanaswa. Hapana. Ilibidi ilale kwanza humu ndani na mashine, inywe hewa ileile. Na kwa kuwa asubuhi ilikuwa karibu, ilibidi inywe haraka. Nikafungua dirisha.

Alinitazama kama nimevua viatu kanisani.

"Weye njo ulisema tufunge dirisha."

Nilisema kweli, kwa ajili ya mvua. Mvua bado tuikatae. Lakini pumzi ya msitu tuialike leo. Akacheka bila kufungua mdomo. Tukalifungua fungu lote na kulilaza juu ya meza ndefu ya kupangia dawa, yeye akitanua mikunjo kwa vidole, tabaka kwa tabaka, hewa ipite kati yake, kama wavu unaotandazwa baada ya kuvuka mto. Tukaliacha hapo, tukaenda kula.

Nilirudi alfajiri. Sijui kama nilikuwa nimelala au la. Ukungu wa Walikale si kama wa Masisi. Ule wa kwetu una haraka, unapita kwenda bondeni. Huu ulikuwa umesimama dirishani, wa uvuguvugu, na polepole ulikuwa unaingia na kuketi juu ya karatasi. Ndege mmoja aliita mbali, akanyamaza, akaita tena. Mama Vumilia alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa karibu na meza na mikono mapajani. Harufu ya moshi ilikuwa inatoka kwenye karatasi na kwenda nje, kwenye miti. Nilihisi kwamba tunamwangalia mtu aliyelala, na kwamba si vizuri kumwamsha kabla ya wakati wake.

Kulipopambazuka kabisa nilichukua laha ya juu, nikaipima juu ya ile ya zamani dirishani. Kushoto tundu juu ya tundu. Kulia tundu juu ya tundu.

Papa Directeur alifika akiwa na kamba begani. Mama Vumilia ndiye aliyetia karatasi. Alifungua vifuniko vya mikanda yote miwili, akaketisha matundu kwenye meno bila kuyabonyeza, akaufunga mkanda wa kushoto, akauacha wa kulia huru hadi karatasi ilipojinyoosha yenyewe, kisha akaufunga na huo. Akasogeza mkono wa unene kwa ajili ya nakala nne. Akawasha. Mimi nilitia mikono mfukoni.

Ilianza. Bodero ya kwanza ikapanda, ya pili, ya tatu. Zile laha za mwanzo, ambazo kila mara ndizo zilizopasuka, zilipita na kuinama nyuma ya mashine na kuanza kujikunja zenyewe sakafuni. Mgoto ulikuwa ule niliofundishwa, mnene, wenye godoro chini yake. Papa Directeur alisimama karibu, amekunja mikono. Nilifika mahali nisiposikia tena mashine, nilisikia tu kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Kisha nikasikia mkwaruzo. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeingia dirishani na kuinua mkunjo mmoja wa fungu, ukaugeuza, na karatasi ikaanza kupanda upande. Ukingo wa kulia ulipanda juu ya jino. Karatasi ilianza kuvimba. Mkono wa Papa Directeur ulitoka haraka kuivuta, kama ambavyo mkono wa mtu yeyote ungetoka. Wangu pia ulikuwa umetoka mfukoni.

"Acha," alisema Mama Vumilia, wala hakupaza sauti. "Acheni wote wawili. Musiikokote."

Mikono yetu ikabaki hewani. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akasubiri kichwa kirudi pembeni na kutulia, akazima umeme. Alipiga magoti, akaugeuza ule mkunjo ulale juu ya wenzake. Alifungua mkanda wa kulia. Hakuigusa karatasi pale ilipovimba. Aliinua tu ukingo kwa ncha ya kidole, akaiacha, na uvimbe ukashuka polepole hadi ukaisha. Alifunga mkanda, akalisukuma dirisha kwa nyonga likajifunga, akawasha. Mashine ikapumua, ikaichapa upya bodero ile iliyokatika, na kuendelea.

Ilikwenda hadi kituo cha mwisho.

Papa Directeur alichambua nakala za bodero ya mwisho, akachukua ya nne, ya muuguzi, akaenda nayo kwenye mwanga. Aliisoma yote kwa sauti ya chini, jina la dawa, nguvu yake, mwezi inapoisha. Ule mstari mwembamba mweupe ulikuwa bado juu ya herufi, lakini kila tarakimu ilisomeka. Aliirudisha mezani. Nje kulikuwa na muuguzi wa kituo cha ndani aliyekuwa amefika usiku na kulala barazani, akingoja maboksi yake. Papa Directeur aliteremsha kamba ya buluu begani, akamfungia maboksi mwenyewe, fundo kwa fundo, na muuguzi akaondoka nayo msituni. Tulirudi Masisi bila kamba.

Hii ndiyo sababu ninyi mnaofanya kazi huko mnakuta amri iliyobandikwa ukutani kwamba karatasi mpya ilale chumba kimoja na mashine kabla ya kutumika. Wengine mmeniuliza kama ni imani fulani. Ni hewa tu. Na mkikuta bado kuna fungu juu ya jiko la mtu, msimkaripie. Mlaze karatasi mezani, mfungue dirisha, na mmwombe mbegu za maharage kama anazo za kutosha, maana ni nzuri.

Kabla ya kustaafu nilishuka Walikale mara ya mwisho kumkabidhi Mama Vumilia kopo la maziwa na vilivyomo, na kumuaga. Nilimkuta anachapa. Dirisha lilikuwa limefungwa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, mvua ndefu ya huko isiyo na haraka, na ndani yake mashine ilikuwa inakwenda na kurudi, hata sikujua ni ipi inayofuata ipi. Hakuinua kichwa. Nilisimama nyuma yake. Niliona karatasi inaegemea kidogo kulia, au nilidhani naona, na mkono wangu ukaenda kuinyoosha.

"Papa Deo, acha," alisema, bila kugeuka. "Iko inakuya yenyewe."

Nikatia mikono mfukoni, nikasikiliza.